Chakula cha Mke Mdogo

"Kidole chenyewe kiko wapi?" aliuliza muuguzi, kwa sauti ya mtu anayedai risiti.

"Kimeliwa," alisema baba.

"Kimeliwa na nani?"

"Na mkunga."

Muuguzi akainua macho kutoka kwenye daftari. "Mkunga wetu wa wodi ya wazazi?" akauliza, na foleni yote ikacheka, hata mzee mmoja aliyekuwa akikohoa tangu asubuhi akapata nafasi ya kucheka.

"Samaki," alisema baba. "Yule mrefu kama nyoka, anayekaa kwenye pango la mwamba."

"Basi sema samaki, mzee. Hapa tuna kazi."

Binti alikuwa amekaa kwenye benchi, mkono wa kushoto umeviringishwa taulo la kampuni ya kuzamia. Taulo lilikuwa jeupe asubuhi. Hakucheka, hakulia. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na kadi ya kuongoza wageni chini ya maji alikuwa nayo wiki tano tu. Suti ya mpira ilikuwa bado mwilini, wameikata mkono mmoja kwa mkasi, na maji ya chumvi yalikuwa yakidondoka sakafuni. Mfagiaji alipita akamwambia asogeze miguu.

Mama alifika akikimbia, kandambili moja nyekundu na nyingine ya bluu. Alimshika binti kichwani, kisha mabegani, kama anayehesabu vilivyobaki.

"Imekuwaje, mwanangu?"

"Sijui, mama. Niligonga mtungi wa hewa mgongoni mara tatu, kama kawaida, ili wageni wanitazame. Akatoka pangoni moja kwa moja. Hakunitisha, hakuachama kwanza. Alikuja kama mtu aliyeitwa."

Mama akamtazama mumewe. Mumewe akageukia tangazo la ukutani akalisoma, habari za kunawa mikono, mpaka mstari wa mwisho.

Hapo mama akajua. Na yeye alikuwa mtu wa pekee katika foleni ile, ukimtoa mumewe, aliyeweza kujua.

*

Huyo mume watu walimwita Mwenyeji. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka wageni chini ya maji wakapige picha za wanyama: kasa, pweza, samaki taa, na msimu ukikubali papa potwe, mkubwa kama basi na mpole kama ng'ombe. Waongozaji wengine huwapeleka wageni wakazunguka nusu saa wakarudi na picha za mawe. Mwenyeji hakurudi mikono mitupu. Alikuwa na mkunga wake katika mwamba wa pili, mnene kama paja la mtu, na huyo alitoka pangoni akamzunguka shingoni kama skafu huku wageni wakibofya kamera mpaka vidole viume. Wageni walirudi ufukweni wakisema mzee huyu ana karama, wanyama wanamjua. Mwenyeji alikuwa akiinamisha kichwa na kusema, "Ni damu tu. Damu yangu wanaikubali."

Nyumbani walimwita huyo mkunga Mke Mdogo. Mama mwenyewe ndiye aliyempa jina. Mumewe akichelewa kurudi angesema, "Leo zamu ya mke mwenzangu, sisi wazee tule makombo," na nyumba nzima ilicheka. Binti alikua na kicheko hicho. Shuleni aliwaambia wenzake kwamba baba yake anazungumza na samaki. Alipojifunza kuzamia, na baadaye kupiga picha, ilikuwa ni kwa sababu hiyo: alitaka kujua kama na yeye anayo damu ile.

Damu haikuwepo. Kulikuwa na ngisi.

Kila alfajiri, kwa miaka sita, kabla binti hajaamka, mama alikata ngisi kwenye ubao wa jikoni. Vipande vinne. Mwanzoni alivikata vidogo, mume akavirudisha. "Hivi hata havioni. Mkunga macho yake mabovu, ananusa tu. Kata saizi ya dole gumba." Basi akakata saizi ya dole gumba, akavipanga ndani ya kopo tupu la mafuta ya kujipaka, akafunga kifuniko, na mume akalisokomeza kwenye mkono wa suti yake.

Kwenye kaunta ya kampuni kulikuwa na kibao kikubwa: usimguse mnyama, usimlishe mnyama, atakayevunja ananyang'anywa kadi. Mwenyeji ndiye aliyekuwa akiwasomea wageni kibao hicho, na aliwasomea vizuri.

"Usimwambie mtoto," alikuwa akimwambia mkewe. "Ufundi wa mtu ni siri yake."

Na mama hakusema. Wenye watoto nisikilizeni: vitu vingapi mnavijua nyinyi wawili tu, na mtoto anatembea juu yake?

*

Walirudi nyumbani mchana wa siku ya pili. Binti alipewa vidonge akalala chumbani. Mama akafunga mlango wa jikoni kwa mgongo wake.

"Anaitikia mlio," alisema.

"Nani?"

"Usiniulize nani. Wewe unagonga mtungi mara tatu, kisha unatoa ngisi."

"Nawagongea wageni. Chini ya maji utamwita mtu vipi? Waongozaji wote tunagonga."

"Wageni wanageuka, na yeye anatoka. Miaka sita! Hata kuku wa mtu akigongewa sufuria anakuja. Halafu ukapata mafua, masikio yakaziba, ukamtuma mwanao akagonge sufuria ile ile bila punje mkononi."

Mwenyeji akavuta kamasi. Mafua yalikuwa bado hayajaisha. "Nilijua hatatoka kwa mwingine. Ananijua mimi."

Mama alimtazama. Miaka sita ya ngisi, na mtu huyu alikuwa bado anaamini ile hadithi ya damu. Waongo wengi huwa wanajua wanapodanganya. Huyu wake alikuwa amejidanganya kwanza yeye, sisi wengine tulipewa masalio.

"Ulimwambia nini jana, akiondoka?"

"Ni mzaha tu."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia, mama yako wa kambo anakujua, nenda kamsalimie."

Mama akachukua kitambaa akafuta ubao wa kukatia, ambao ulikuwa mkavu.

*

Mgeni mmoja, mwanamke aliyekuwa na kamera kichwani, alikuwa amerekodi kila kitu. Kufikia jioni mkanda ulikuwa kwenye kila simu ya mtaa. Ulikuwa mfupi: binti anagonga, anageuka kuelekeza taa ya kamera, kitu kijani kinapita, kisha wingu jeusi, maana chini kule damu haina wekundu. Mgeni alikuwa ameandika chini yake kwamba kampuni inaajiri watoto wasiojua kazi, na kwamba amepoteza siku yake ya mwisho ya likizo.

Watu nao hawakubaki nyuma. Mmoja aliandika: "Kidole kitamu hicho." Mwingine: "Mwanamke na maji wapi na wapi." Jirani wa mlango wa tatu, ambaye hakuwa na kawaida ya kuja, alikuja na sukari robo kwenye mfuko.

"Nimesikia alimchezea," alisema, akinyoosha shingo kuelekea chumbani.

"Umesikia kwa nani?"

"Watu wanasema. Vijana wa siku hizi wanapenda picha kuliko uhai. Si kama baba yake. Baba yake angekuwepo, angeongea naye yule samaki."

Baba yake alikuwepo, amekaa kwenye kiti cha plastiki hatua mbili kutoka hapo. Alikunja gazeti akalikunjua tena.

Simu ya meneja ikaingia. Alhamisi saa nne, wote watatu wafike ofisini. Kuna maelezo yameandaliwa. Binti ataweka saini kwamba alimgusa mnyama kinyume cha kanuni, basi, mambo yaishe. Asiposaini, kampuni italeta wachunguzi kutoka makao makuu, na waongozaji wote watahojiwa, mmoja mmoja.

"Na nikisaini?" binti aliuliza. Alikuwa amesimama mlangoni, mkono umefungwa ukawa mkubwa kama mkate.

"Unapumzika," alisema baba.

"Baba. Kadi yangu?"

Baba akarudi kwenye gazeti lake.

"Wanaichukua," alisema mama. "Na jina lako linapelekwa kwa kampuni zote. Hutazamia tena na mgeni, wala hutapiga picha chini ya maji."

"Lakini sikumgusa."

"Hukumgusa," baba alisema haraka, "lakini mkono ulikuwa wapi? Si ulikuwa umeunyoosha? Sasa wachunguzi wakija watauliza, mkono ulinyooshwa kwa nini. Utajibu nini?"

"Nilikuwa naweka taa sawa."

"Ndiyo unavyosema wewe. Saini, mwanangu. Wewe kijana, una mkono wa kulia mzima, utapiga picha za harusi. Mimi nina miaka hamsini na minne. Mimi nikihojiwa..." Akajikatiza. "Uhojiwaji ni usumbufu tu kwa wenzangu."

Binti alikaa. Kwa mara ya kwanza tangu jana yake, uso wake ulitikisika. "Labda nilimgusa," alisema. "Labda kidogo. Mbona wewe hajawahi kukuuma? Labda mimi sina hiyo damu."

Mama alikuwa anachambua mchele. Alichambua kokoto akairudisha kwenye sinia, akaichambua tena.

Angesema pale pale, yakaisha. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini hofu ya mama haikuwa kadi ya mumewe, wala kodi ya nyumba, ingawa alijiambia ni hizo. Aliogopa swali moja tu atakaloulizwa na mwanawe baada ya hapo: na wewe ulikuwa wapi? Nilikuwa jikoni, nashika kisu.

*

Alhamisi alfajiri mama aliamka saa ile ile. Mikono ilikwenda yenyewe. Ngisi alikuwa amebaki mmoja kwenye barafu. Alimkata vipande vinne, akavipanga kwenye kopo, akafunga.

Mwenyeji aliingia jikoni akitafuta maji ya kunywa. "Vya nini leo? Sizamii."

"Mazoea," alisema mama, akalitia kopo kwenye mkoba wake.

Ofisi ya meneja ilikuwa na kiyoyozi na harufu ya mpira mpya. Ukutani kulikuwa na picha kubwa za wanyama, na katika nyingi kati ya hizo, pembeni, ulionekana mkono wa Mwenyeji. Viti vilikuwa viwili. Meneja alikaa kimoja, akamwonyesha Mwenyeji cha pili. Mama na mgonjwa walisimama.

Meneja alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mstaarabu wa kusema "samahani" kabla ya kila tusi. "Samahani dada, sitachukua muda. Nimeiona picha yako ya mwisho, ile iliyobaki kwenye kamera. Mdomo wote wazi, meno, macho. Picha ni nzuri, kusema kweli. Tutaomba tuitumie kwenye tangazo."

Binti aliuvuta mkono uliofungwa karibu na kifua.

"Haya. Maelezo ni haya hapa, nimekuandikia mwenyewe ili usihangaike. 'Mimi niliyetajwa hapo juu, kwa uzembe wangu, nilinyoosha mkono nikamshika mnyama...' Na kadhalika. Saini hapa, tarehe hapa. Na kwenye kisanduku hiki," akasogeza kidau cha wino wa bluu, akakifungua, "alama ya dole gumba. La kushoto."

Kiyoyozi kilinguruma.

Binti aliutazama mkono wake uliofungwa. Kisha akamtazama meneja, akingoja acheke ili ajue ni mzaha. Meneja hakuwa na mzaha. Fomu zilichapwa hivyo na makao makuu, kushoto ni kushoto.

"Samahani," alisema meneja, masikio yamemwiva. "Basi la kulia. Tutaandika maelezo pembeni."

"Weka la kulia, mwanangu," alisema baba, kwa sauti ndogo. "Tuondoke."

Binti akanyoosha mkono wa kulia kuelekea wino.

Mama akaushusha ule mkono. Akafungua mkoba, akatoa kopo la mafuta ya kujipaka, akafungua kifuniko. Harufu ikajaa ofisini. Akachukua kipande kimoja cha ngisi, cheupe, laini, akakilaza juu ya fomu, ndani ya kisanduku. Kikaenea barabara, hakuna ukingo uliozidi.

"La kushoto ndilo hilo," alisema. "Nimelikata mwenyewe."

"Mama, hii ni nini?" Meneja alirudisha kiti nyuma.

"Chakula cha mkunga. Muulize mzee ulompa kiti. Vinne kila siku, miaka sita, anagonga mtungi mara tatu kisha anatoa. Yule samaki hakukosea. Aligongewa, akaja kula. Amekuta kitu cha saizi ile ile."

"Mke wangu," alisema Mwenyeji, "hebu..."

"Ngoja nimalize. Ulimpenda kama mke mdogo, haya, leo mke mkubwa anaongea."

Meneja alimtazama Mwenyeji. Mwenyeji aliitazama picha ya ukutani, ile yenye mkono wake, kama atakayeomba msaada kwake mwenyewe.

"Baba," alisema binti. "Ni ngisi?"

Baba akatazama sakafu.

"Si damu? Ni ngisi tu?"

"Kidogo," alisema baba. "Vipande vidogo tu."

Meneja aliinua fomu kwa ncha za vidole, kipande kikateleza juu ya meza na kuacha njia ya unyevu kwenye maandishi. Yale maandishi ya uzembe yakavimba wino. Akaitupa fomu kwenye ndoo. "Samahani mzee," alisema. "Kadi yako, tafadhali. Mezani."

Mwenyeji alikuwa akiivaa shingoni siku zote, hata nyumbani. Kamba ilikwama sikioni, na hakuna aliyemsaidia kuikwamua.

"Na ya binti?" aliuliza mama.

"Ya dada inabaki." Meneja alikuwa anafuta meza kwa karatasi, akiwa amekunja pua. "Kwa sasa. Mkono ukipona tutaona. Naomba mwondoke na kopo lenu."

*

Nje, jua lilikuwa kali. Mwenyeji alisimama kwenye ngazi.

"Umenivua nguo mbele ya meneja, mtoto mdogo kama yule," alimwambia mkewe.

"Ungevaa za kwako, nisingekuwa na cha kuvua."

"Miaka sita ulikula jasho la ngisi huyo huyo!"

"Nilikula. Ndiyo maana nimesema."

Binti alikuwa ametangulia hatua kadhaa. Alisimama, akageuka. Mama alijua swali linakuja, na lilikuja.

"Wewe ndiye uliyekuwa unakata?"

"Mimi."

"Kila siku?"

"Kila siku. Wewe umelala."

Binti alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesomewa barua ya mwingine. "Na nilipomwambia kila mtu shuleni," alisema, "ulikuwa unacheka." Akageuka akaenda zake peke yake, mkono ameuinua kifuani kama daktari alivyoagiza, watu wakimpisha njia na kumtazama. Mama alimfuata nyuma, kwa umbali aliopewa. Kopo alilitupa kwenye pipa la kwanza. Harufu ilibaki kwenye mkoba mpaka alipouchoma.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Hawakusema kwamba wa kwao ndiye huanza kuliwa.

*

Mwenyeji alihamia kwa kaka yake mtaa wa pili. Hakufukuzwa. Ni kwamba kila alipoingia sebuleni, binti alitoka, na nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, hapakuwa na pa kutokea pengi.

Wiki ya tatu, mchana, binti alikuwa amekaa kwenye mkeka na kamera mapajani. Bandeji ilikuwa imepungua. Alikuwa anajifunza kuikamata kwa vidole vinne, uzito wote kwenye kiganja, na ilikuwa ikimteleza. Mama alikaa mbali kidogo, akishona kifungo. Walikuwa wameanza kuzungumza tena, lakini habari za vitu: chumvi imekwisha, maji yamerudi. Siku ile binti alikuwa amesema maneno mengi kuliko kawaida. Alisema, "Shika mkanda huu, usidondoke," na mama aliushika kwa mikono miwili.

Mlango ulikuwa wa bati. Mtu akagonga kwa pete. Ko, ko, ko.

Binti alivuta mkono wa kushoto akausokomeza kwapani, haraka hivi kwamba kamera ilipinduka ikabingirika kwenye mkeka. Uso wake ulikuwa umeota jasho. Alikuwa ameuangalia mlango kama mtu aliye chini ya maji.

Mama akasimama. Hakufungua. Akaweka mdomo karibu na bati.

"Usigonge," alisema. "Nyumba hii haigongwi tena. Piga hodi kwa mdomo, kama watu."

Nje palisikika mtu akikohoa, viatu vikisugua mchanga. Mtu yule aliyekuwa akiwatoa wanyama mapangoni bila kutamka neno alikuwa anatafuta neno moja.

"Hodi," alisema, chini kabisa.

Mama hakuitikia. Alimgeukia binti, kwa sababu karibu ya mlango ule haikuwa yake tena kuitoa.

Binti aliokota kamera. Alipuliza mchanga kwenye kioo chake, akakifuta kwa upindo wa nguo, taratibu, kwa vidole vinne.

"Mwambie arudie," alisema. "Sijasikia."